Vitabu vya Sikukuu na Sanduku la Chini ya Ngazi

Jumatatu, 24 Agosti 1998

Msimamizi wetu wa chuo anataka kila mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya kazi aandike shajara kwa Kiingereza na kuikabidhi mwishoni. Hiyo ninayo, ina jalada la kijani, na humo nitajifanya mtu anayejua anachofanya. Hili daftari ni langu mwenyewe. Humu nitaandika nisiyoyaelewa, na kwa jinsi nilivyoiona siku ya leo, kurasa hazitatosha.

Nimepangiwa maktaba ya shule ya nasari ya Wayahudi, huku Morningside, Durban. Watoto ni wa miaka mitatu hadi mitano. Kazi yangu ni kuchagua vitabu vya picha vya sikukuu zao, kuvipangia rafu mpya, na kuondoa vilivyochakaa. Niliposoma barua nilicheka. Mimi, binti wa mwinjilisti wa Nyeri, niliyekaririshwa Mambo ya Walawi kabla sijajua kufunga kamba za viatu, nishindwe na sikukuu za Wayahudi?

Mwenyeji wangu ni Bi Freda Zulman, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne, aliyeianzisha maktaba hii na marehemu mumewe. Anatembea na mkongojo tangu aanguke mwezi wa sita. Aliposikia jina langu akasema, "Bilha! Umetoka kitabu cha Mwanzo, sura ya thelathini." Nikamwambia ndiyo, mjakazi wa Raheli. "Hapa hatuna wajakazi," akasema. "Tuna wanaochelewa tu." Nilikuwa nimechelewa dakika tano.

Jumatano, 26 Agosti

Duka la vitabu limetuma makatoni mawili. Tunasoma, tunabakiza tunavyovitaka, vingine vinarudi. Leo nimesoma vitabu tisa vya Mwaka Mpya wao. Vyote vina tofaa linalochovywa kwenye asali. Nimerudi kwenye Walawi ishirini na tatu, nikasoma mara mbili. Hakuna tofaa wala asali, kuna baragumu tu. Sasa nani kaleta tofaa?

Tena watoto wa kwenye picha wamevaa sweta, na majani mekundu yanawaanguka vichwani. Hapa ni majira ya maua, watoto wetu wanakimbia na kaptura. Nikamuuliza Bi Zulman tufanyeje. Akasema, "Vimechapwa kwenye nchi za baridi. Watoto huuliza mbona miti inaumwa. Walimu hufungua ukurasa wa pili."

Chuoni tulifundishwa kuuliza: je, mtoto atajiona ndani ya kitabu? Nimeuliza vitabu vyote tisa. Hakuna kilichojibu vizuri.

Jumatatu, 31 Agosti

Mvua. Tumbili ameingia dirishani akaiba ndizi yangu ya saa nne.

Pascal, Mkongo anayelinda lango, aliiona yote. "Dada Bilha, makako njo ilikamata banane yako. Iko juu ya toiture, inakula pole-pole." Nikatazama paani, nikamuuliza mbona hakuifukuza. "Mi nalinda batu," akasema. "Makako haiko kwa contrat yangu."

Jumatano, 2 Septemba

Leo ni zamu ya vitabu vya Siku ya Upatanisho. Hiyo ndiyo siku yao ya kufunga, na kabla yake kila mtu huwaendea aliowakosea kuomba radhi. Nimesoma vitano. Katika vyote mtoto anavunja kitu, anasema samahani, anakumbatiwa, hadithi imekwisha. Nyumbani kwetu ukivunja sahani ya mama ya wageni, hiyo samahani yako ilikuwa inakaa kwenye foleni.

Sikuchagua hata kimoja. Bi Zulman akataka sababu. Nikamwambia msamaha unakuja haraka mno, mtoto atadhani ni kama kubonyeza swichi. Alinitazama juu ya miwani yake. "Hiyo ni sababu nzuri," akasema. Nilivimba kichwa siku nzima.

Jumanne, 8 Septemba

Mvua tena. Nimeanza kuondoa vitabu vichakavu.

Chini ya ngazi nimekuta sanduku kubwa la mbao lenye kibandiko cha maandishi ya Kiebrania. Ndani ni vichakavu vitupu: vitabu vya watoto visivyo na majalada, kurasa za sala zilizochanika, vitabu vilivyolowa. Nikashukuru. Mtu aliyenitangulia alishaanza kazi hii na hakuimaliza.

Katikati ya hayo mavumbi nikatoa kitabu kimoja cha ajabu. Kimeshonwa kwa mkono, picha saba za rangi ya maji, na chini ya kila picha mstari wa Kiebrania. Hakina jina la mwandishi, mchapishaji wala kichwa. Nimefungua ukurasa wa kwanza: familia imekaa kwenye kibanda kitupu, wanagawana chungwa moja, na juu ya ukuta tumbili wameshiba. Kisha watu wanakimbia na fagio. Kisha tumbili wamejaa kibandani, kisha tumbili mmoja anachungulia. Halafu, bila maelezo, kibanda kimejaa matunda yaliyoning'inizwa. Halafu kibanda kinafumuliwa. Mwishoni baba mmoja amesimama uani peke yake, ameshika ufito wa mwanzi. Kila mtu ameondoka.

Tumbili wamechorwa vizuri kweli, ni hawa hawa wa kwetu hapa. Lakini hadithi haina kichwa wala miguu, na mwisho wake ni wa huzuni. Nimeandika kwenye orodha yangu: hakifai kwa watoto wadogo. Nikakirudisha sandukuni.

Alhamisi, 10 Septemba

Nasibu amekuja na lori. Ni Mtanzania, mtu wa Tanga, jirani yetu wa fleti za Overport, anafanya kazi kwenye ghala la karatasi chakavu huko Mobeni. Nilimwambia mwenyewe apitie. Bi Zulman leo alikuwa kwa daktari wa nyonga, na barua yangu ya kazi inasema wazi, "kuondoa vitabu vilivyochakaa." Pascal akabeba sanduku na makatoni yangu matatu ya vitabu vichakavu.

"Dada Bilha, hebu sogea, utachafua gauni la watu," Nasibu akasema, akapanga kila kitu mwenyewe.

Chini ya ngazi sasa ni peupe. Nimefagia. Nimejisikia mkutubi.

Jumatatu, 14 Septemba

Mvua. Vitabu vya Sikukuu ya Vibanda, wiki wanayokula nje chini ya paa la majani: kumi na viwili. Vyote vina sweta.

Ijumaa, 18 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Bi Zulman ameingia na mkongojo wake akasema, "Bilha, mwambie Pascal anitolee lile sanduku la chini ya ngazi. Gari la makaburini linakuja Jumapili."

Nikadhani nimesikia vibaya. Makaburini? Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto: kwao maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi. Kitabu kikichakaa kinawekwa kando, na mara moja kwa mwaka vyote vinapelekwa kuzikwa, kama mtu. Sanduku la chini ya ngazi ndilo la kusubiria maziko. "Nimeandika juu yake," akasema. "Hukuona?"

Niliona. Niliona maandishi nisiyoweza kuyasoma na nikayapita tu.

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Nimelihamishia stoo, nilikuwa nafagia." Akaridhika. Akaniambia nisijali, kwa kuwa Jumapili usiku Mwaka Mpya wao unaingia, atawaomba wa makaburini waje baada ya sikukuu. Akanipa tofaa, akanitakia mwaka mtamu.

Nimemdanganya bibi wa miaka sabini na minne, na tofaa lake liko mezani linanitazama.

Jumamosi, 19 Septemba

Nilikwenda Mobeni asubuhi, Nasibu alikuwa zamu. Ghala lile lina karatasi hadi darini, na katikati kuna mashine inayokandamiza kila kitu kuwa matofali. Niliiona ikishuka.

"Nasibu, sanduku lile la mbao. Umelipitisha humo?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Nilipitishe wapi, dada? Mimi sina wazimu. Makatoni yako ya Kizungu ndiyo yamekwenda. Lile sanduku nimelifungua nikaona maandishi yanaanzia kulia, na limetoka shule ya watu wa dini. Nikajua humo mna jina la Mungu. Lingekuwa jina la nani?"

Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia anirudishie leo leo.

"Nikurudishie nini? Nimeshavichoma."

Nikamwambia arudie.

"Nimevichoma, kwa heshima. Maalimu wangu Tanga alitufundisha hivyo: kurasa chakavu za msahafu hazitupwi, hazikanyagwi. Unazichoma mahali safi, majivu unayafukia pasipopitwa na miguu. Nimetia udhu kabisa, dada. Nimechoma kwenye debe jipya, majivu nimefukia nyuma ya fleti, pale kwenye kona ya ukuta. Maandishi yote. Hakuna hata herufi moja iliyokanyagwa."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anasubiri nimshukuru.

Nikamshukuru. Nifanye nini? Nilipofika kwenye robot ya barabara kuu, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, nilisimama zikabadilika mara tatu, sijavuka.

Jumatano, 23 Septemba

Shule imefunguliwa baada ya Mwaka Mpya wao. Sikusema.

Alhamisi, 24 Septemba

Sikukuu ya kitaifa. Coletha, ninayeishi naye, Mhaya anayesomea uuguzi, amepika ndizi na kunipa ushauri ambao sikuuomba. "Shoga, nyamaza. Sema vimezikwa, kwani si vimezikwa? Majivu si yako ardhini? Ukisema vimechomwa huna barua, huna cheti, unarudi Nyeri kumfundisha mama yako Walawi."

Nikamwambia Bi Zulman atauliza vimezikwa wapi.

"Mwambie Overport. Si uongo."

Kweli si uongo, na hilo ndilo linaloniudhi. Nimejaribu kuona nani amekosea hapa. Nasibu hajakosea. Bi Zulman hajakosea. Mimi nimefanya nilichofundishwa chuoni neno kwa neno. Na bado kuna kosa kubwa limekaa katikati yetu, na naona lina sura yangu.

Ijumaa, 25 Septemba

Nimesema.

Bi Zulman alikuwa maktabani anabandika migongo ya vitabu kwa gundi. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia sanduku halikuwa stoo, nililitoa nikidhani ni takataka. Akafunga kifuniko cha gundi. Nikamwambia vitabu havikupita kwenye mashine ya karatasi chakavu, kwamba kuna mtu mwema, Mwislamu, aliyeyaona maandishi akayaheshimu. Uso wake ukalegea kidogo. Halafu nikamaliza: "Akayachoma."

Akasukuma chupa ya gundi kando. 

"Mama yangu alitoka Lithuania na masanduku mawili," akasema. "Ndugu zake walibaki. Sisi vitabu hatuchomi, Bilha. Sisi tulichomewa."

Nikajaribu kueleza kuhusu maalimu wa Tanga, udhu, debe jipya. Akainua mkono nikaacha.

"Na cha tumbili?" akauliza.

Sikuelewa. Akasema, "Kitabu cha Leo. Kilichoshonwa kwa mkono. Kilikuwa humo."

Hapo ndipo nilipoketi bila kukaribishwa. Leo alikuwa mumewe. Alikuwa muuza rangi za nyumba, na mwaka wa sitini na moja alichoka kuwaona watoto wa Durban wakionyeshwa Sikukuu ya Vibanda yenye theluji, akachora ya hapa. Amekufa miaka kumi na moja sasa. Kurasa zilipoanza kuachia, Bi Zulman alikiweka sandukuni kama inavyotakiwa. "Kila mwaka gari la makaburini likija, nakitoa. Likiondoka nakirudisha. Mwaka huu nyonga ilinilaza, sikushuka kukitazama."

Nikamwambia Nasibu alisema ameyachoma maandishi yote.

"Nenda nyumbani, Bilha," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumamosi, 26 Septemba

Nimegonga kwa Nasibu. Hayupo, amepeleka mzigo Joburg, anarudi Jumanne. Mvua.

Jumapili, 27 Septemba

Sikwenda kanisani. Niliogopa watasoma Walawi.

Jumatatu, 28 Septemba

Pascal, anayemwita Bi Zulman Mamie, kanizuia langoni kwa upole. "Mamie alisema leo upumuzike, dada. Mi njo nilibeba ile sanduku. Mi naye nilimwambia pardon. Alinipa chai, hakusema kitu." Nikarudi kwa miguu hadi Overport, nikilowa.

Jumanne, 29 Septemba

Naandika jioni. Jua limeshazama, Siku ya Upatanisho imeingia, sasa hivi wao wamefunga. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa nane mchana mlango uligongwa. Coletha alifungua, kisha akaja chumbani macho yamemtoka. "Kuna bibi wa Kizungu, ana mkongojo. Ni yule?"

Ni yule. Alipanda ngazi za ghorofa mbili na nyonga ile. Alikataa kuketi, akakataa maji. Akasimama katikati ya sebule yetu yenye nguo zilizoanikwa na kusema, "Bilha, nimekuja kukuomba radhi."

Nikatazama nyuma yangu, nikidhani anasema na mtu mwingine.

"Nilikuacha chini ya ngazi zile bila kukueleza," akasema. "Niliandika kwa herufi usizozijua, kisha nikauliza kama hukuona. Halafu nikamtuma Pascal akuzuie langoni. Kwa hayo nakuomba unisamehe, kabla jua halijazama."

"Nimekusamehe," nikasema haraka, mbio mbio, kama mtoto wa kwenye vile vitabu vitano. Nikaongeza, "Na mimi?"

Akawaza. "Kwa uongo wa stoo, nimekusamehe. Kwa kitabu cha Leo, bado. Hayo ni mambo mawili. Wewe mwenyewe uliniambia msamaha usiharakishwe."

Sikujua nicheke au nilie. Maneno yangu mwenyewe yamenirudia yakiwa na mkongojo. Coletha, ambaye hakuelewa nusu ya habari, alikuwa ameshika mdomo.

Kisha akataka kuonyeshwa pahali. "Yalipofukiwa," akasema.

Tukashuka. Nasibu alikuwa ndiyo kwanza anateremka kwenye lori, ana vumbi la Joburg. Alipomwona mzee akasema, "Shikamoo, mama," na nilipotafsiri kwamba anashika miguu yake, Bi Zulman akaangalia viatu vyake. Nikamweleza Nasibu huyu ni nani na kwamba vile vitabu kwao vilipaswa kuzikwa vikiwa vizima. Nilichelea kusema lile lingine, la Lithuania. Lakini Nasibu si mjinga, aliuona uso wa yule bibi, na tabasamu lake likaondoka kidogo kidogo.

"Nimewaudhi?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Mwambie sikujua. Mwambie kwetu ndiyo heshima."

Nikamwambia Bi Zulman. Akaashiria kwa mkongojo tuendelee. Kwenye kona ya ukuta Nasibu alikuwa amepanga matofali manne pembeni ili watu wasipite, na ufito wa kuzuia watoto wa fleti kuchezea. Udongo ulikuwa umelowa.  Bi Zulman akaniomba nimwokotee jiwe dogo, akainama kwa shida, akaliweka juu ya udongo.

"Mbona anaweka jiwe?" Nasibu akanong'ona.

Nikamuuliza. "Tunafanya hivyo kaburini," akasema. "Mwambie ni pahali safi. Mwambie nimeona."

Nilipomwambia, Nasibu alifuta macho kwa mkono wenye vumbi, akapata mistari miwili usoni. Akasema hawezi kumwacha mama mtu mzima asimame nje wakati mvua inanyemelea, aingie hata dakika moja. Chumba chake kiko chini, mlango wa kwanza. Tukaingia.

Nilikuwa wa mwisho kuingia, kwa hiyo nilisikia kabla sijaona. Nilisikia mkongojo ukianguka.

Ukutani, juu ya kitanda, tumbili walikuwa wamepangwa kwenye mstari mmoja. Picha zote saba.

"Hizi nilizibakiza," Nasibu akasema kwa hofu. "Nilikata maandishi tu kwa mkasi, nikayachoma pamoja na mengine. Picha hazina jina la Mungu, ni migomba na kima. Nilisema si vibaya. Kama ni vibaya nazitoa sasa hivi."

Bi Zulman alishika ukingo wa kitanda. Alizitazama moja moja, kutoka kulia kwenda kushoto. Na mimi, nikiyafuata macho yake, nikaziona kwa mara ya kwanza. Baba yuko uani na ufito mmoja wa mwanzi. Watoto wanaleta majani, kibanda kinasimama. Matunda yananing'inia, ndizi, mananasi, machungwa. Tumbili mmoja anachungulia, kisha wote wamo ndani wanakula. Watu wanakuja na fagio, wamechelewa. Na mwisho kibanda ni kitupu, tumbili wameshiba ukutani, na familia nzima imekaa chini ya paa la majani inagawana chungwa moja lililobaki, na wanacheka. Nilikuwa sijaona kwamba wanacheka.

Msahafu wa Nasibu ulikuwa juu ya kabati. Bila shaka hakuhitaji kuambiwa kitabu kinaanzia wapi. Mimi, mkutubi, nilikisoma kinyumenyume, nikakihukumu kwa kukosa kichwa.

Nilikiri hapo hapo. "Bi Zulman, mimi nilikianzia kushoto. Nilidhani kinaisha na baba peke yake uani."

Alinigeukia taratibu. "Ulimwacha Leo wangu peke yake na ufito?"

"Ndiyo. Nikaandika hakifai kwa watoto wadogo."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi kitandani kwa Nasibu, na kicheko kikageuka kilio katikati bila kubadilisha sauti, na Nasibu akasimama na kikombe cha maji mkononi asijue ampe au la.  Bi Zulman akatazama saa, akasema lazima afike nyumbani ale kabla ya jua kuzama.

Nasibu alizibandua picha kwa ncha ya kisu, polepole, hakuchana hata kona. Ukuta ukabaki na alama saba za mraba.

Sasa usiku umeingia na bado najiuliza: amenisamehe au hajanisamehe? Alisema bado. Kisha akacheka. Kisha akalia. Vile vitabu vitano havikuwa na ukurasa wa namna hii.

Alhamisi, 1 Oktoba

Nimeruhusiwa kurudi. Pascal: "Eh, dada! Kalibu. Tunajenga nyumba ya makako." Wamesimamisha nguzo za kibanda uani, mianzi minne. Bi Zulman amenisalimia, hajasema zaidi.

Ijumaa, 2 Oktoba

Majani ya mitende juu ya paa. Nasibu ametuma mfuko wa machungwa kwa mkono wa Coletha. Tumbili sita wako kwenye waya wanatusubiri.

Jumatano, 7 Oktoba

Jua, baada ya siku ngapi sijui.

Bi Zulman ameleta kitabu. Amekishona upya, jalada la bluu, kinafunguka kutoka kulia. Chini ya kila picha pana ukingo uliokatwa na mkasi wa Nasibu, haukunyooka. Nikamwambia kwamba kama anayakumbuka maneno, ninaweza kumtafutia mtu mwenye mwandiko mzuri ayarudishe. Nilikuwa nimelala nikiwaza hilo siku tatu.

"Nayakumbuka," akasema. "Usiyarudishe. Ukiliandika Jina la Mungu, siku kikichakaa kitarudi sandukuni. Miaka kumi na moja nimekificha mikono ya watoto isikichane. Leo alikichora kwa ajili ya mikono hiyo hiyo."

Watoto kumi na wanne wakaketi kibandani chini ya machungwa. Akawaonyesha picha ya kwanza, hakusema neno, wao ndio waliosema. "Huyo anajenga!" "Huyo ni nyani wa nyumbani kwetu!" Hakuna aliyeuliza mbona miti inaumwa. Kufikia picha ya tano walikuwa wanapiga kelele kuwaonya watu wa kitabuni, na binti mmoja wa miaka minne akarukia ukurasa kumkamata tumbili kwa mkono wake. Ukurasa ukachanika hadi katikati.

Walimu wote wakamtazama Bi Zulman. Mimi nilitazama chini. Binti alikuwa ameshikilia kipande cha tumbili.

"Selotepu, Bilha," Bi Zulman akasema.

Nikaenda mbio, nikarudi, nikapiga magoti kwenye majani. Yeye akashika ukurasa, mimi nikabandika, binti akaweka kipande chake pahali pake kwa kidole. Mkia ukakaa kombo kidogo. Tukiwa tumeinamiana hivyo, Bi Zulman akasema bila kuniangalia, "Na lile deni lako la pili kwangu, la kitabu. Leo nimekusamehe."

Nikakata kipande kingine cha selotepu. Watoto walikuwa wanadai kisomwe tena, toka mwanzo.

Kwenye daftari la kijani nimeandika kwa Kiingereza: kitabu kimoja kimechaguliwa kwa Sikukuu ya Vibanda, hakina mwandishi anayejulikana, kina ukurasa uliochanika. Kisha nimefuta "hakina mwandishi anayejulikana" na kuandika: Leo Zulman, muuza rangi, Durban.

Bi Zulman alichoka mguu, akaniwekea kitabu mapajani. "Soma wewe," akasema.

Nikakigeuza, nikakifungua kutoka kulia.